Mota ya Kumrudisha Mzee Eliamani

Vijana wangu, hamjambo? Tangu nistaafu simu yangu inaita kuliko nilipokuwa kazini. Mmoja ananitumia picha ya mota ya boti aliyoiona mtandaoni, hata shikamoo hajatoa, ameandika tu: "Bibi, hii ina nguvu?" Nguvu ya kufanya nini, mjukuu wangu? Kusukuma mtumbwi au kusukuma kisiwa? Nikimuuliza boti ina uzito gani, kimya. Nikimuuliza upepo wa huko ukoje, ananirudishia kile kikaragosi kinacholia kwa kucheka. Nimeona niandike yote mara moja, msome, nami ninywe chai yangu ikiwa bado ya moto.

Nilisuka mota katika mtaa wa Pasua kuanzia usichana wangu mpaka macho yaliponigomea. Kusuka mota, kwa msiojua, ni kutoa nyaya zilizoungua ndani yake na kuzungusha mpya mahali pake. Nimesuka za pampu, za mashine za kusaga, za kumenyea kahawa. Hizi ndogo za umeme za kusukumia boti zilinikuta nikiwa mtu mzima, na ni moja tu iliyowahi kuninyima usingizi. Ilikuwa ya Mzee Eliamani, fundi aliyenifundisha kazi. Yeye alishastaafu zamani, na raha yake yote ilikuwa kwenye boti yake ya kuvulia samaki kule bwawani Nyumba ya Mungu. Bega lilipomharibikia akashindwa kupiga kasia, binti yake Upendo akatafuta mnunuzi wa boti, na akampata. Kama mota nitakayomchagulia ingeshindwa kumrudisha mzee nchi kavu, boti ilikuwa inaondoka, naye angebaki nyumbani akitazama ng'ombe wa Upendo wakicheua.

Nitawasimulia ilikuwaje. Lakini kwanza mjue huyu mzee ni nani kwangu, msije mkadhani nilihangaika bure.

Mama yangu alikuwa anauza uji na ndizi za kuchemsha nje ya karakana yake. Siku moja Mzee Eliamani alirudisha kikombe, akanikuta naosha vyombo, akasimama kuangalia mikono yangu. Akasema, "Mama Manka, huyu mtoto niazime wiki moja. Mimi vidole vimenenepa, haviingii tena kwenye matundu ya mota." Mama akakubali, wiki moja tu, kwa sababu vyombo navyo vilihitaji mtu. Wiki hiyo iliisha nilipostaafu.

Alikuwa na masihara lakini kwenye kazi hakuwa na mchezo. Alinifundisha kuweka kiganja kwenye mgongo wa mota inayozunguka na kuhesabu polepole. Ukifika kumi bila shida, mota iko salama. Ukitoa mkono ukiwa kwenye tatu, mota imebebeshwa kuliko uwezo wake, izime haraka. Siku ya kwanza nilijikaza kisabuni mpaka kumi ili nionekane fundi, nikatoka na lengelenge kubwa. Mzee alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Manka," akasema, "anayepimwa ni mota, siyo wewe."

Sasa tuje kwenye kosa letu sisi watu wa mlimani, kwa sababu nalijua na nimelikuta kwa wengi. Tumekulia kwenye mteremko. Maji ya kunywesha migomba tunayapandisha, mbolea tunaipandisha, gari likitoka mjini linapanda likilalamika mpaka nyumbani. Kwa hiyo mtu wa kwetu akinunua kitu chochote chenye injini, swali lake ni moja: kitapanda? Hata akinunua feni.

Kuna baba mmoja wa Rau, tulizoea kumwita Baba Neema, alikuja kutaka mota ya boti. Boti yenyewe ndogo, ya watu wawili wanaopendana. Nikamwonyesha mota inayomfaa. Akaigeuzageuza, hakuridhika.

"Na ikianza kupanda, mae?" akauliza, kwa ile "mae" yetu ya mlimani ya kushangaa.

"Kupanda wapi, Baba Neema? Maji yamelala."

"Najua yamelala. Hata hivyo niwekee ya kupanda."

Hakunisikia, akaenda akanunua ile kubwa kuliko zote dukani. Mota kubwa kiasi hicho haitoshelezwi na betri moja ya volti kumi na mbili, inataka mbili zilizounganishwa, kwa hiyo akabeba betri mbili nzito akaziweka nyuma, karibu na mota, naye akakaa hapohapo nyuma. Boti ikainua pua ikatazama mbinguni. Ndugu yake aliyekuwa ufukoni aliniambia kwamba kwa kweli siku ile ilipanda. Maji yakaanza kuchungulia kwa nyuma, ikabidi Baba Neema atambae kwenda mbele ili boti ilale sawa, na huko mbele mkono haufiki kwenye mota. Betri nazo zikaisha akiwa mbali, maana mota ile ilikuwa inakula kama mgeni wa harusi. Alirudi akipiga maji kwa mfuniko wa ndoo. Na mnajua alipofika karakanani kwangu alitaka nini? Kubwa zaidi.

Kwa hiyo shikeni hili. Majini hakuna mlima. Kuna uzito na kuna upepo, basi. Namba iliyoandikwa kwenye mota hizi ni pauni za kusukuma, siyo nguvu farasi kama za injini ya mafuta, na pauni moja ni chini kidogo ya nusu kilo. Chukua uzito wa boti pamoja na kila kitakachoingia ndani yake: wewe, mwenzako, betri, nyavu, chakula, hata lile jiwe la nanga. Kwa kila kilo mia tafuta pauni tano. Hapo ni maji yaliyotulia. Kama unakovulia kuna upepo, ongeza nusu ya ulichopata. Halafu panda saizi moja juu ya hapo, kwa sababu mota inayokimbizwa kwa pumzi yake yote kila siku inamaliza betri na inazeeka upesi. Saizi moja, nimesema. Sikusema panda mpaka mwisho wa rafu.

Na nguvu peke yake haitoshi kama umekosea mengine. Dada mmoja mwenye boti ya kutembezea watalii aliniletea mota akisema haina nguvu. Mota ilikuwa nzima kabisa. Tatizo lilikuwa mguu wake, lile bomba refu linaloshusha propela majini. Boti yake ilikuwa na ubavu mrefu na mguu wa mota ulikuwa mfupi, kwa hiyo kila wimbi likipita propela ilitoka nje ikasaga hewa, kama mashine ya unga inayozunguka bila mahindi. Propela izame yote, na juu yake pabaki maji ya kiganja kizima. Na betri, jamani, ni betri ya sola ile inayotoa umeme taratibu kwa muda mrefu. Betri ya gari imezoea kutoa nguvu mara moja ya kuwashia, kisha inapumzika. Ukiitumia kwenye boti utarudi kwa kasia, na ukifika ufukoni gari nalo halitawaka.

Haya, turudi kwa mzee.

Ilikuwa hivi. Mzee Eliamani alikuwa anashuka bwawani mara kwa mara, analala kwenye kibanda chake siku mbili tatu, anavua kwa ndoano, anarudi nyumbani na perege wa kukaanga. Bega likaanza kumsumbua. Akatibiwa hospitali ya Mawenzi, likapata nafuu ya kushika kijiko lakini siyo ya kushika kasia. Hakumwambia mtu. Siku moja upepo wa alasiri ukamkuta katikati ya bwawa, akapiga kasia mpaka mkono ukakataa, upepo ukambeba mpaka kwenye matete ya upande wa pili. Akakaa humo mpaka wavuvi wakamwona wakamvuta kwa kamba. Upendo alipopata habari alilia kwanza, akakasirika baadaye. Kesho yake boti ikawa inauzwa.

Mzee akanijia nyumbani. Nikampa shikamoo, akaitikia akiwa bado amesimama, jambo ambalo si kawaida yake.

"Manka, nitafutie mota. Na Upendo asijue."

"Sawa, Mzee," nikasema, na jioni hiyohiyo nikampigia Upendo.

Msinitazame hivyo. Upendo ndiye aliyekuwa anampikia, anamfulia, anampaka dawa begani. Ningefanya kitu nyuma ya mgongo wake na mzee akapata shida majini, ningemwangalia vipi? Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada Manka, mimi simkatazi samaki. Mimi namtaka arudi. Hiyo mota yako imtoe kule katikati, peke yake, upepo wa alasiri ukiwa usoni, kasia lisiguse maji, na mimi nikiwa nimesimama pale naona. Ikimrudisha, boti ibaki. Isipomrudisha, yule mnunuzi aje achukue, na wewe usinibishie."

Nikakubali, ningebisha nini? Nilipolala ndipo usingizi ukanikimbia. Muuzaji mmoja wa vitu vilivyotumika pale Pasua alikuwa na mota za saizi mbalimbali, pamoja na moja ya pauni themanini, jitu la volti ishirini na nne. Miaka yote nimewacheka watu wanaobeba kubwa kuliko zote, na usiku ule nami moyo ulikuwa unaniambia: chukua ile, Manka, mzee wako arudi. Nikamwelewa Baba Neema. Mtu akiogopa, anataka kubwa.

Asubuhi nikampigia mzee nikamwambia nimepata ya themanini. Akaniuliza, "Umepima nini mpaka ukafika themanini?" Nikakiri sijapima kitu. "Basi kaazime mizani uje."

Mizani yenyewe ni hii ya kuning'iniza, ya kupimia magunia ya kahawa, kila mtaa wa kule juu una mtu anayo. Nikaazima kwa jirani yake, tukaitundika kwenye boriti ya banda la ng'ombe. Boti, wavuvi walishaipima kule bwawani kwa maelekezo ya mzee: unaning'iniza pua huku mkia umekaa chini, unasoma, kisha unageuza, unaning'iniza mkia, unasoma, unajumlisha. Hiyo nayo ishikeni, inasaidia sana kwa kitu kirefu kinachoshinda mizani. Tukapima betri. Tukapima ndoano na kamba na ndoo ya chakula. Upendo akaleta jaketi la kuokolea alilomnunulia, nalo likapimwa. Hakuacha ng'ombe zake ila alikuwa anapitapita hapo kuliko ng'ombe walivyohitaji.

Akabaki mzee mwenyewe. Tukamwekea gunia kwenye kulabu ya mizani, akaingia akakaa, miguu ikaning'inia nje, akashika kofia. Nikasoma mshale.

Hakufika uzito wa gunia la kahawa. Yaani mtu niliyemwona akibeba mota ya mashine ya kusaga begani, akapanda nayo ngazi huku anapiga mluzi, sasa alikuwa mwepesi kuliko gunia ambalo vijana wa ushirika wanarusha kwenye lori. Nilitaka kulia palepale. Niliangalia pembeni nikajifanya nafuta miwani, na nikamwona Upendo naye ameinamia ndoo ya maziwa isiyo na kitu.

Mzee alituona wote wawili. Akabembea kidogo ndani ya gunia lake.

"Mnahuzunika nini? Nimewapunguzia hesabu. Manka, piga."

Nikapiga. Yeye, boti, betri na kila kitu, karibu kilo mia tatu. Pauni kumi na tano kwa maji yaliyotulia. Ongeza nusu kwa upepo, ishirini na mbili na kitu. Mota ya thelathini ingetosha, nikapanda saizi moja, arobaini. Betri moja tu. Themanini ingetaka betri ya pili, na hiyo ya pili nani angeishusha na kuipandisha kwa bega lile?

"Sasa unaongea kama fundi," mzee akasema. "Nishusheni."

Nikainunua ya arobaini. Kwa kuwa ilikuwa imeshatumika, sikuamini namba iliyoandikwa ubavuni, nanyi msiiamini. Siku ya kwenda bwawani tulibeba na mizani ileile. Asubuhi maji yakiwa shwari nikaifunga boti kwa kamba kwenye nguzo iliyokuwa ufukoni, mizani katikati ya kamba, nikawasha mota hadi mwisho, boti ikavuta. Pauni arobaini ni kama kilo kumi na nane. Mshale ukasimama kwenye kumi na sita. Imezeeka kidogo, lakini bado ina zaidi ya tunachohitaji. Nikaweka kiganja kwenye nyaya za betri, hazina moto. Nikakaza vifungo vyote, nikavikaza tena.

Aliyetuleta ni Dismas, jirani yao mwenye pikapu. Aliitazama mota akatikisa kichwa. "Dada Manka, na hiki si cha kusagia juisi?" Nikamwambia ngoja alasiri. Yeye akaendelea kuuliza kama kina sehemu ya kutia maembe, na mzee akacheka, lakini Upendo hakucheka. Alikuwa anaangalia maji.

Saa tisa upepo ukaja, kama ilivyo desturi ya kule, na vumbi lake. Maji yakaanza kukunja uso. Mzee akavaa jaketi, akafungwa na binti yake vifungo vyote mpaka kidevuni, akaingia. Kasia likabaki limelala sakafuni. Upepo ukamsukuma kwenda katikati bila hata mota. Alipofika mahali Upendo alipopachagua, Upendo akainua kitenge, na mzee akageuza pua.

Hizi mota hazina kelele, na hapo ndipo roho inapopata tabu. Injini ya mafuta ukiisikia unajua ipo. Hii unaangalia tu boti. Nikaona pua imekata wimbi, boti inakuja. Polepole, lakini inakuja, sawasawa, upepo usoni. Nikaanza kupumua. Dismas akasema, "Mae! Blenda inakuja!"

Ikasimama.

Tulisimama wote watatu tukitazama. Boti ikapoteza mwelekeo, ikageuka ubavu, na upepo ukaanza kuirudisha kule kwenye matete. Mzee alikuwa ameinama, hatuoni anafanya nini. Kichwani mwangu nilifungua kila kifungo nilichokikaza. Betri? Waya umechomoka? Zile kilo mbili zilizopungua? Ningechukua themanini! Nikakaa chini mchangani, nawaambia kweli.

"Dada Manka, imezima," Upendo akasema. Hakupandisha sauti. "Imezima na baba yangu yuko kule."

Dismas alishaanza kukimbia kwenda kuwaita wavuvi waingize mtumbwi. Upendo alikuwa ameingia majini mpaka magotini na viatu vyake, kana kwamba angemfikia kwa kutembea.

Ndipo boti ikazungusha pua tena. Taratibu, bila haraka yoyote, ikaelekea kwetu, ikapita pale iliposimama, ikaendelea kuja. Wimbi likipiga, inapanda na kushuka, inaendelea. Mzee alikuwa amekaa wima, mkono mzuri kwenye mota, ule mbovu mapajani. Kasia lilikuwa kavu. Alikuja mpaka pua ikagusa mchanga mbele ya Upendo, akazima mota, akatuangalia tulivyokuwa, mmoja majini mpaka magotini, mmoja karudi mbio anahema, mmoja amekaa chini.

"Kuna nini?" akauliza.

"Baba! Mota ilizima!"

"Nani kasema? Nilizima mimi." Akainua perege mnene kutoka chini ya miguu yake, bado anapigapiga mkia. "Huyu bwana alikuwa anavuta ndoano. Nimwache?"

"Ulitupa ndoano?" Upendo akashika pua ya boti. "Tuko hapa roho juu, wewe unavua?"

"Sasa mwanangu, bwawani nilikwenda kufanya nini?"

Upendo alimtazama baba yake. Akamtazama perege. Akamchukua yule samaki... ah, hata sikumbuki alimshika vipi, nakumbuka tu alimnyanyua akampima kwa mkono, akageuka akatuhesabu kwa macho, mimi, Dismas, baba yake na yeye mwenyewe.

"Tuko wanne," akasema. "Huyu mmoja atamtosha nani? Rudi ukalete wengine."

Akaisukuma boti kwa mikono yake mwenyewe.